Jioni sita za kupima mafundisho: tathmini ya semina niliyoihudhuria Moshi

Semina ninayoitathmini hapa ilifanyika kwa jioni sita, kila Jumanne na Alhamisi kwa wiki tatu, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili usiku, katika ukumbi wa kanisa moja la mtaani mjini Moshi. Ada ilikuwa shilingi 15,000 kwa mtu, na ndani yake mlikuwa na kablasha la kurasa 40, chai na maandazi mawili kila jioni. Mada ilikuwa moja tu, namna ya kutambua mafundisho ya kweli ya Kikristo na ya uongo. Kanisa lenyewe sitalitaja, kwa sababu jioni moja kati ya hizo sita iliniudhi na nitaieleza kwa kirefu, na sioni haja ya kuwaaibisha watu ambao kwa jioni nyingine tano walinifanyia kazi nzuri.

Kwa mkazi wa Moshi mada hii si ya vitabuni. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa katika Uwanja wa Majengo kwa kukanyagana wakati umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na miaka mitatu baadaye tukasikia habari za msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kwa hiyo nililipa ada nikitarajia kile ambacho wengi wetu tulikitarajia, yaani orodha. Nilidhani tutapewa majina ya manabii wa kuepukwa, na huduma za kukimbiwa, labda pamoja na dalili kumi za kukariri.

Mkufunzi, mwalimu mstaafu wa chuo cha theolojia ambaye sisi sote tulimwita Mwalimu, alitukatalia orodha jioni ya kwanza kabisa. Alisema kwamba orodha huchakaa kabla wino haujakauka, kwani nabii mmoja akifungiwa huku mwingine hupiga turubai kule. Akasoma 1 Yohana 4:1, “msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho,” kisha akatuuliza kitenzi kiko katika nafsi ipi. Ni wingi, na hawakuandikiwa maaskofu peke yao. Akaunganisha na Waberoya wa Matendo 17:11, ambao walimsikia Paulo mwenyewe na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo, na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anawaita waungwana kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kuona kwamba aliyekaguliwa ni mtume.

Thamani kubwa ya semina hii, na ambayo kwa maoni yangu peke yake inalipa ile ada, ni jioni ya pili, iliyotumika yote kwa sura mbili za kitabu cha Yeremia. Mwalimu alianza kwa kutuomba tuseme mstari tunaoupenda, na kama alivyotarajia, zaidi ya nusu ya ukumbi ulisema Yeremia 29:11. Si ajabu, maana mstari huo umeandikwa nyuma ya bajaji, kwenye vikombe vya harusi na kwenye kadi za mahafali: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Dada aliyekaa mbele yangu aliusoma kwa kichwa huku amefumba macho. Mwalimu akamshukuru, akamwomba afungue Biblia yake na kusoma mstari unaotangulia, yaani wa 10. Dada akasoma kwamba Babeli itatimiziwa kwanza miaka sabini, akanyamaza, akaurudia kwa sauti ya chini kama mtu aliyekuta deni katika barua ya pongezi.

Kutoka hapo tulirudi nyuma hadi sura ya 28, tukakutana na Hanania. Huyu alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana na mateka wote watarudi kutoka Babeli, kisha akaitwaa nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia kama ishara ya kutumikia Babeli, na kuivunja. Mwalimu alitufanya tuitazame ile picha kwa makini. Hanania alikuwa na ujumbe mtamu, alikuwa na tarehe, alikuwa na ishara ya kuonekana kwa macho, na bila shaka alikuwa na umati uliomshangilia. Yeremia alikuwa na nira ya mti na habari ya miaka sabini. Baadaye Yeremia akamwambia Hanania kwamba Bwana hakumtuma, na Hanania akafa mwaka uo huo, katika mwezi wa saba. Ndipo inakuja ile barua ya sura ya 29, inayowaambia wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na waoze, wautakie amani mji wa adui zao, na wasiwasikilize manabii walio kati yao wanaowaahidi kurudi upesi. Kumbe mstari ambao siku hizi unauzwa kama ahadi ya kufunguliwa milango mwezi huu uliandikwa mahsusi kuwanyamazisha waliokuwa wakiuza ahadi ya namna hiyo. Sijawahi kuona ukumbi wa kanisa ukiwa kimya kiasi kile saa moja usiku, tena chai ikiwa imeshaletwa.

Njia yake yote ni hiyo: soma sura nzima, uliza maneno yaliambiwa nani, na uliza yalimgharimu nini aliyeyasema. Kwa njia hiyo hiyo tulipitia Wafilipi 4:13, ambao mstari wake wa 12 unataja njaa na upungufu, na 3 Yohana mstari wa 2, ambao wahubiri wa utajiri wameugeuza kuwa amri ya mbinguni ilhali ni salamu ya mwanzo wa barua, ya aina ile ambayo bibi zetu walikuwa wakiandikia watoto walio mbali: natumaini u mzima wa afya.

Jioni ya tatu ilihusu fedha, na hapa Mwalimu alituletea kitu ambacho wengi tulikuwa hatujakisikia, yaani Didake, mwongozo mfupi wa Wakristo wa mwanzo ambao wataalamu wengi huuweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Nakala yake ya Kigiriki, iliyonakiliwa mwaka 1056, iligunduliwa mwaka 1873 huko Konstantinopoli na Philotheos Bryennios, akaichapisha mwaka 1883. Mwongozo huo unasema kwamba mtume anayekuja apokewe, akae siku moja, au mbili kama ipo haja, lakini akikaa tatu ni nabii wa uongo, na akiondoka asichukue kitu isipokuwa mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Ukumbi ulicheka sana. Mzee mmoja wa kanisa alicheka kidogo kuliko wengine.

Hata hivyo Mwalimu hakutuacha tujisifu kwa kipimo hicho cha fedha, na ndiyo sababu ninamheshimu. Alitukumbusha Loliondo mwaka 2011, pale Samunge, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyeitwa Babu aliwanywesha maelfu kikombe cha dawa aliyosema ameoteshwa na Mungu. Bei ilikuwa shilingi 500, kiasi ambacho hakimtajirishi mtu yeyote kwa mtazamo wa mnywaji, na foleni za magari zilikuwa za kilometa nyingi. Ukimpima Babu kwa uroho wa fedha peke yake, anapita. Swali lililobaki lilikuwa lingine, kama ni halali kumwambia mgonjwa kwamba Mungu amesema jambo ambalo mgonjwa huyo ataliegemeza uhai wake, na ni nani anayebeba dhamana likikosa kutokea. Kumbukumbu la Torati 18:22 inalijibu bila kumung'unya maneno: neno lisilotimia si neno alilolinena Bwana, nabii amelinena kwa kujikinai. Sura ya 13 inakwenda mbali zaidi, kwani inazungumza juu ya nabii ambaye ishara yake inatokea kweli, na bado asisikilizwe iwapo anawavuta watu kwenye miungu mingine.

Kwa upande wa mafundisho yenyewe tulipewa padri Ario wa Aleksandria, ambaye hakuuza mafuta wala maji, hakujinadi kwa miujiza, na alijulikana kwa maisha ya kujinyima. Alifundisha kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulimkataa, lakini haukumaliza ugomvi, na askofu Athanasio aliyeitetea imani ya Nikea alifukuzwa mjini kwake mara tano. Sehemu hii ilikwenda haraka mno. Nilitamani Mwalimu atumie nusu saa zaidi kutuonyesha kwa nini jambo hilo linamhusu mama anayeuza ndizi Mbuyuni, kwa maana kama Kristo ni kiumbe, basi anayeomba kwa jina lake anaomba kwa kiumbe. Alilisema hilo kwa sentensi moja, akatazama saa, akaendelea.

Sasa nifike kwenye jioni ya nne. Mwalimu hakuwapo, na nafasi yake ilishikwa na mzungumzaji mgeni mwenye sauti nzuri na suti nzuri. Alisema mambo mengi ya kweli juu ya manabii wa mji mwingine. Ulipofika wakati wa maswali, mama mmoja wa makamo alisimama akiwa na bahasha mkononi. Alieleza kwa adabu kwamba bahasha ile aliigawiwa Jumapili katika kanisa hili hili kwa ajili ya ujenzi, na kwamba imechapwa maneno yanayoahidi kuwa atakayeirudisha kabla ya mwisho wa mwezi atafunguliwa milango ya kazi na uzao. Akauliza, “Baba mchungaji, hii ina tofauti gani na ile mbegu ya sadaka tunayoambiwa tusipande kwa manabii?” Mgeni alitabasamu, akasema swali hilo lina roho ya uasi ndani yake, kisha akanukuu Zaburi 105:15, juu ya masihi, yaani watiwa mafuta wa Bwana: “Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu.” Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akamkaribisha mwuliza swali mwingine, na mama akaikunja ile bahasha mara nne na kuitia mkobani.

Kwa semina ya kupima mafundisho, hilo ni kosa kubwa kuliko kukosa spika au viti. Aliyelipa 15,000 ajifunze kuuliza alinyamazishwa kwa kuuliza, tena kwa mstari uliokatwa kutoka kwenye sura yake, mbinu ile ile tuliyokuwa tumefundishwa kuikagua siku saba kabla.

Jioni ya tano Mwalimu alirudi. Sijui kama aliambiwa, lakini aliiweka kando mada iliyoandikwa katika kablasha, akatusomesha Zaburi 105 kutoka mstari wa kwanza. Tulipofika wa 12 tukawaona hao masihi ni nani: watu wachache, wageni, wasio na nchi, wanaotangatanga kutoka taifa hadi taifa. Ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Na wanaoonywa wasiwaguse ni wafalme. Alitufungulia pia 1 Samweli 24, ambako Daudi anakataa kumwua Sauli, masihi wa Bwana, lakini anatoka pangoni na kipande cha vazi mkononi na kumweleza kosa lake waziwazi. Mwisho akasoma Wagalatia 2:11, ambapo Paulo anasema juu ya Kefa, yaani Petro, “nalishindana naye uso kwa uso, kwa sababu alistahili hukumu.” Hakumtaja mgeni wala bahasha. Yule mama alikuwepo, safu ya tatu, akiandika.

Nilimpa Mwalimu heshima yake kwa jioni hiyo, lakini nusu ya kazi ilibaki. Zaburi ilirudishwa mahali pake, bahasha haikujibiwa. Semina inayopima kila madhabahu isipokuwa ile iliyo chini ya paa lake inamwachia mwanafunzi kazi ngumu zaidi aifanye peke yake nyumbani, na si wote watakaoiweza.

Kuhusu huduma nyingine nitasema kwa ufupi. Kablasha limeandikwa kwa Kiswahili safi na marejeo ya Biblia ni sahihi, ingawa kurasa za 22 na 23 katika nakala yangu zilikuwa zimefifia kiasi cha kutosomeka. Umeme ulikatika mara mbili na jenereta liliwashwa bila kuchelewa. Maandazi yalikuwa ya moto. Mistari yote ilisomwa katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, na wenye tafsiri ya Habari Njema walikaribishwa kulinganisha, jambo lililotusaidia hasa katika Wagalatia. Asiyekuwa na Biblia ya karatasi ataona shida, kwa kuwa simu haziruhusiwi ukumbini, na kwa kweli kusoma sura nzima kwenye kioo cha simu kungetupotezea lengo.

Ningempendekezea semina hii kiongozi wa jumuiya, mwalimu wa Shule ya Jumapili na kijana yeyote anayehamahama makanisa akitafuta muujiza, kwa sharti kwamba waandaaji wamwachie Mwalimu jioni zote sita. Jioni ya mwisho tuligawiwa fomu ya tathmini yenye nafasi ya maoni. Nimeandika humo swali la yule mama neno kwa neno, na chini yake nimeacha mistari minne mitupu kwa ajili ya jibu.