Ultrasaundi ya tumbo kwa wenye kichocho: uzoefu wangu Mwanza

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Kwetu ziwani ndiko tunakooga, tunakofua na tunakovua, kwa hiyo kichocho si habari. Ubavu wa kushoto ulipoanza kuwa mzito, daktari hakuzunguka: alitaka choo kwanza, kisha akaniandikia ultrasaundi.

Wengi wanalipia kipimo hiki wakitegemea kuoneshwa mdudu. Humwoni. Minyoo ya kichocho cha tumbo ina urefu wa kama sentimita moja tu na inaishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Kinachoonekana ni kazi ya mayai yake. Yasiyotoka na choo hubebwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, na mwili unayazungushia makovu. Miaka ikipita makovu yanabana njia ya damu, bandama inavimba. Ndio ule uzito wangu. Wengine hufikia kutapika damu.

Nilikwenda bila kula, kama nilivyoagizwa. Jeli ni ya baridi, maumivu hakuna. Dada aliyenipima alinigeuzia skrini nione mistari myeupe kandokando ya mishipa ya ini. Akapima upana wa mshipa mkubwa unaoingiza damu humo, akapima bandama, halafu akalinganisha na picha za mfano za Shirika la Afya Duniani zinazopewa herufi, A hadi F. A ni ini lisilo na dalili. Langu likaangukia C. Hapo ndipo nilipoona pesa yangu imefanya kazi, maana choo kilisema nina mayai, hakikusema ini limefika wapi.

Kasoro ipo, tena kubwa: majibu yanategemea jicho la anayepima. Kituo kimoja nilichopita kabla ya hapo kilinipa mstari mmoja, "ini kawaida, bandama kubwa kidogo", bila namba hata moja. Karatasi ya namna hiyo irudishe, wakuandikie vipimo. Na maambukizi yakiwa bado mapya, ini linaweza kuonekana safi kabisa huku minyoo imo. Mtoto anayeshinda ziwani mpeleke apimwe choo, ultrasaundi isubiri.

Baada ya hapo nilipewa prazikwanteli, idadi ya vidonge kwa kufuata uzito wa mwili. Meza ukiwa umeshiba, maana vinachafua tumbo vibaya. Vinaua minyoo, ila makovu yanapungua polepole, na mengine hayaondoki, ndiyo maana daktari anataka picha nyingine baadaye ya kulinganisha. Picha ile wanaichapa kwenye karatasi kama ya risiti, inayofifia ukiiacha juani. Ipige kwa simu hapohapo kabla hujatoka.