Koili ya MRI: ya kawaida au iliyopozwa?

Koili ni kitanzi cha shaba kinachonasa ishara ya mwili ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Kwa ubongo wa panya, koili iliyopozwa hadi karibu nyuzi 240 za Selsiasi chini ya sifuri inashinda waziwazi. Kelele za umeme ndani ya shaba hupungua, na ishara ikiwa safi maradufu, muda hupungua mara nne (mbili kwa mbili): picha ya saa nne hupatikana kwa saa moja. Mnyama aliyelazwa kwa dawa anaamshwa mapema. Kwangu hilo ni kubwa.

Lakini ni ghali, na kompresa ya heliamu, gesi ya kupozea, na ombwe lake la kuzuia joto hudai matunzo ya kudumu. Ya kawaida, fundi hodari huilehemu maabarani kwa umbo alitakalo.

Unapima kiwiliwili cha mtu? Mwili wenyewe ndio chanzo kikuu cha kelele, hivyo kupoza hakusaidii sana.