Mlo wa jioni wa enzi za Regency huko Bath, Uingereza: supu wameiweza, meza wameikosea

Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za supu peke yake.

Mlo unatangazwa kuwa ni wa Regency, yaani miaka ya 1811 hadi 1820, mwana wa mfalme alipotawala Uingereza kwa niaba ya baba yake mgonjwa, George III. Meza ilikuwa ya watu 12.

Supu nyeupe ni ile ambayo Bingley, kijana tajiri katika riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice (1813), anangoja ipikwe ya kutosha ndipo atume kadi za mwaliko wa dansi. Msingi wake ni mchuzi wa mifupa ya ndama uliolala usiku kucha, asubuhi mafuta yakaenguliwa. Kisha lozi zilizomenywa, robo ratili (kama gramu 115), krimu kama nusu lita, ganda la limau na basbasi kidogo. Wengi huiharibu kwenye lozi: ukizitwanga kavu zinatoa mafuta, nayo yanaelea juu ya bakuli. Dawa ni kijiko kimoja cha maji ndani ya kinu, halafu kuchuja. Hii ilikuwa laini kabisa, haina chembe hata moja, na basbasi ilinukia kwa mbali tu.

Baada ya supu, kila mtu aliletewa sahani yake imeshapakuliwa, moja baada ya nyingine. Huo ni mtindo wa Kirusi, ambao Waingereza waliuzoea miongo kadhaa baadaye. Enzi za Regency vyakula vya awamu nzima viliwekwa mezani kwa pamoja, kwa ulinganifu: supu upande wa mama mwenye nyumba, samaki upande wa mumewe, vingine pembeni na kwenye kona. Supu na samaki vikiisha, huondolewa na nafasi zao kuchukuliwa na minofu mikubwa ya kukata. Mwanamume humpakulia mwanamke aliye kando yake kutoka kwenye chombo kilicho karibu. Chakula kikiwa mbali, uombe au ukikose. Ndiyo maana katika riwaya za wakati ule nani kakaa karibu na nani ni jambo zito. Ukiondoa kupakuliana, unabaki na hoteli ya kawaida yenye mishumaa.

Jeli nayo ililetwa mwisho kama kitindamlo. Mahali pake ni awamu ya pili, bega kwa bega na ndege wa kuchoma, mboga na tati (vitobosha vya unga vilivyookwa) za matunda. Kitambaa cha meza kilipaswa kuondolewa ndipo matunda, njugu na mvinyo mtamu vije juu ya mbao tupu, hakikuguswa. Na kuanza kula saa 2 usiku, kama tulivyofanya, ni kuchelewa mno: kule Netherfield, nyumbani kwa Bingley, Elizabeth, shujaa wa riwaya ile, aliitwa mezani saa 12:30 jioni.

Nadhani wanahofia chakula kupoa, na hofu hiyo ni ya kweli, kwani hata wakati ule kilipoa. Vifuniko vya chuma vingesaidia, bila kubadili upishi wowote.

Kabla ya kulipa, ulizia mambo mawili: je, vyakula vinapangwa mezani vyote pamoja, na ni nani anayepakua? Wakijibu kwamba ni wahudumu, nenda kwa ajili ya supu, na uombe bakuli la pili. Wanaongeza bila malipo.