Kebo au DSL? Nimetumia zote, kwa spidi nachagua kebo

Naongelea intaneti ya nyumbani, ya kebo ya TV au ya laini ya simu (DSL). Kwenye kushusha mafaili kebo iko mbele sana aisee, wala hakuna ubishi. ADSL2+ (aina moja ya DSL) hata laini iwe safi vipi mwisho wake Mbps 24 (megabiti kwa sekunde), na hiyo 24 uipate labda unakaa pua na mdomo na jengo la kampuni ya simu, maana DSL inapita kwenye waya wa shaba wa simu na kadri waya unavyorefuka ndo mawimbi yanavyozidi kufifia, ukiwa kilomita 5 huko unabaki na Mbps chache tu. Ndo maana watu wawili wanalipia kifurushi kilekile, mmoja anaangalia vidio freshi mwingine kiduara kinazunguka tu. VDSL2, DSL ya kasi zaidi, inaweza kufika Mbps 100 lakini lazima uwe karibu kabisa na kabati la mtaani la kampuni ya simu.

Kebo inatumia ule waya mnene wa TV, umbali sio ishu sana, DOCSIS 3.0 (toleo la teknolojia ya intaneti ya kebo) inakupa mamia ya Mbps na 3.1 inafika hadi Gbps 1 (yaani Mbps 1000) na kupita. Shida yake mtaa mzima mnagawana njia moja. Asubuhi inapaa, ikifika saa mbili usiku kila nyumba imewasha vidio, spidi inaporomoka na ping (muda data inaochukua kwenda na kurudi) inaanza kurukaruka. Hapo DSL naipa haki yake, waya ni wako peke yako mpaka kwenye jengo la simu so ile spidi yake ndogo haiyumbi sana, na kwa mtu wa gemu hilo ni kubwa.

Kupandisha sasa, huko zote zinabana na matangazo hayasemi. ADSL ya Mbps 1 ukituma vidio ya MB 500 ni zaidi ya saa nzima, kebo yenye Mbps 10 za kupandisha ni dakika 7 hivi (kumbuka Mbps unagawa kwa 8 ndo upate MB kwa sekunde).

Kabla hujalipia kebo muulize jirani anayeitumia akupimie spidi usiku, apime kwa waya sio waifai. Kama mtaani kwenu ipo DSL tu, ingia kwenye ukurasa wa modemu ucheki spidi ya laini yenyewe, ikiwa iko chini hapohapo basi hata ubadilishe ruta ya bei gani haitapanda, wapigie waje wakague waya.