Urembo wa chuma uliokwaruzika ndani ya gari: cha kununua, kwa mpangilio wangu

Gari lililokwisha tumika hujieleza lenyewe: pembeni mwa gia pamechubuliwa na pete ya dereva, na chini ya tundu la ufunguo pamekwaruzwa na funguo nyingine zilizokuwa zikining'inia hapo. Ila usikimbilie kununua dawa ya kung'arisha. Sehemu nyingi zinazoonekana chuma ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha au kuvishwa kromu. Iguse gari likiwa kivulini: alumini hutoa baridi, plastiki haitoi. Sumaku usihangaike nayo, haishiki alumini.

Nafasi ya kwanza naipa stika ya vinaili yenye sura ya chuma. Inakaa juu ya plastiki na juu ya chuma, na ukikosea unaibandua. Chagua ile nyembamba na laini. Ile nene ya bei ya chini hurudi nyuma kwenye kona na kuacha ukingo uliojaa vumbi. Mkwaruzo unaonasa ukucha usawazishe kwanza kwa msasa laini, la sivyo utajichora juu ya stika. Futa kwa spiriti, bandika, kisha pasha kona kwa kikausha nywele. Nunua ya ziada, maana kipande cha kwanza karibu kila mara huishia kwenye mazoezi.

Ya pili ni kipande kizima kutoka gari la aina hiyohiyo lililokatwa spea. Kwa kromu naona ndiyo njia pekee ya maana: tabaka la juu la kromu mara nyingi halifiki hata maikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita), sasa hapo utasugua nini? Linganisha namba iliyo nyuma ya kipande, na uhakikishe vibanio havijavunjika.

Ya tatu, pedi ya kusugulia, inafaa tu alumini tupu yenye mistari, ile midogo iliyochorwa sambamba juu yake. Kama urembo wako ni alumini hiyo kweli, basi pedi ipandishe iwe ya kwanza. Sugua kufuata mistari, kutoka mwisho hadi mwisho, usizungushe hata mara moja. Alumini iliyotiwa rangi kiwandani kwa umeme itapoteza rangi yake, kwa hiyo jaribu kwanza pasipoonekana.

Dawa ya kung'arisha inafaa chuma kinachong'aa kisicho na mistari. Kwenye mistari huacha doa kama kioo. Kwenye rangi ya fedha hula rangi yenyewe.

Rangi ya kupuliza naiweka mwisho. Inataka kipande king'olewe, msasa, praima, rangi na vanishi, na ile inayoitwa ya kromu hufifia ikawa kijivu mara tu ikipigwa vanishi au kushikwashikwa.

Chochote utakachochagua, kifuniko cha eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) usikibandike stika wala kukipaka rangi. Na kama kipande unachotaka kung'oa kiko jirani nacho, chomoa betri na usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.