Kle za gita: ipi ununue Lubumbashi, ipi uiache mezani

Kifaa cha kurekebishia gita kinachouzwa sana ni kile kinachofanana na kisu cha kukunja: mwili wa plastiki, kle alen (vyuma vilivyopinda vyenye pembe sita) saba au nane, bisibisi mbili na kikata nyuzi pembeni. Idadi ya vipande huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na ndiyo inayowavuta wanunuzi. Lakini gita moja hutumia kle mbili au tatu tu. Kle hizo zikikaa sawasawa kwenye matundu yake, umenunua vizuri. Zikipwaya, hata zingekuwa ishirini, siku moja zitaviringisha pembe za nati ya shingo, ile inayokaza chuma kilichomo ndani ya shingo ili kurekebisha mpindo wake, na kuitoa nati iliyoviringika ni kazi ya fundi yenye gharama kuliko kifaa chenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, ijue gita yako. Vipimo viko vya aina mbili, inchi na milimita, na hapo ndipo wengi huharibu. Gibson ina nati ya 5/16 ya inchi, yaani milimita 7.94, hivyo kle ya bomba ya milimita 8 huishika bila shida. Taylor hutumia nati ya 1/4 ya inchi. Martin za kisasa zina tundu la milimita 5, Ibanez nyingi zina nati ya milimita 7. Fender nyingi za kisasa zilizotengenezwa Marekani zina tundu la 1/8 ya inchi, yaani milimita 3.18. Kle ya milimita 3 itaingia humo kwa urahisi, na hatari iko hapohapo: inashika ncha za pembe tu, ukikaza inazunguka na kulilamba tundu. Gita za bei nafuu kutoka China na Indonesia kwa kawaida hutaka milimita 4 au 5. Usikisie kwa macho.

Vipande vidogo vinavyobeba nyuzi kwenye gita ya umeme navyo vina skrubu zao. Fender za Marekani hutaka kle ya 0.05 ya inchi (milimita 1.27), Squier na kopi nyingi za Asia hutaka milimita 1.5. Daraja la Floyd Rose, lile lenye vifungio vya nyuzi, hufunga nyuzi kwa kle ya milimita 3.

Gita kavu ina jambo lake. Mara nyingi tundu la shingo limefichwa ndani ya tumbo, chini ya ubao wa juu, na kle fupi haifiki. Hapo unahitaji kle yenye mkono mrefu, ya kuingizwa kupitia tundu la sauti. Kifaa cha kukunja hakipiti kati ya nyuzi, na hata ukizilegeza, mwili wake unagonga mbao. Katika mji uliozoea gita kavu tangu enzi za mpiga gita Jean-Bosco Mwenda, hili peke yake lawatosha wengi kuacha vifaa vya kukunja.

Nafasi ya kwanza: kle moja moja kutoka kinkayeri (duka la vifaa vya chuma), pamoja na kizungushio

Lubumbashi ni mji wa migodi na magari makubwa, kwa hiyo chuma kizuri cha mafundi kipo. Tafuta kle alen zenye chapa ya Cr-V au S2 (aina za chuma kigumu) iliyochongwa kwenye chuma, si iliyobandikwa kwa karatasi. Facom, Bondhus na Wera ni majina ya kuaminika, ila kopi zipo, kwa hiyo pima. Mwenye kinkayeri huwa na piyekulisi, kile kipimo cha unene chenye taya: kle ya milimita 3 isisome chini ya 2.95. Nunua saizi zako tatu tu, na ile ya shingo iwe ndefu.

Kuna kle zenye kichwa cha mviringo upande mmoja, ambazo huingia kwa mshazari. Zinafaa pale mkono usipofika vizuri. Kukaza shingo kwa kichwa hicho usijaribu: kinagusa sehemu ndogo ya tundu na kinaweza kukatikia ndani.

Kizungushio ongeza kimoja chenye kazi tatu: kuzungusha vikazio (vile vya kichwani vya kutunia nyuzi), kukata nyuzi na kung'oa pini za gita kavu. D'Addario Pro-Winder hufanya zote tatu. Ukinunua cha jina lisilojulikana, jaribu kikata kwa uzi mnene uliosokotwa. Kikiuponda badala ya kuukata, kiache. Mpiga besi ahakikishe kinywa cha kizungushio ni kipana, maana vikazio vyake haviingii kwenye vingi.

Ya pili: cha kukunja, chenye chuma kizuri

Hiki ni cha mpiga gita ya umeme anayehama kutoka kanisa hadi ukumbi na kurekebisha akiwa amesimama. CruzTools wanatengeneza kimoja kwa jina la GrooveTech. Sharti ni moja: kiwe na kle za inchi na za milimita pamoja. Fungua kila kle na uisukume pembeni kwa kidole. Ikicheza kwenye bawaba ingali mpya, miezi michache mbele itakuwa inayumba.

Ya tatu: mfuko mzima wa vifaa

Ernie Ball, Dunlop na CruzTools huuza mifuko yenye kle, bisibisi, rula na kizungushio. Kwa bendi yenye gita tatu au nne, au fundi anayeanza, bei yake inaeleweka. Kwa mwenye gita moja, sehemu kubwa ya mfuko italala. Kitu cha thamani ndani yake ni vipimo, na vipimo vina mbadala. Visahani vya chuma ambavyo mafundi wa magari hupimia nafasi ya vali ni vilevile vinavyopima mpindo wa shingo. Navyo visipokuwepo, kipande cha uzi wa kwanza wa saizi 0.010 ya inchi kina unene wa milimita 0.25, kipimo kinachotakiwa hasa.

Upimaji ni huu. Gita ikiwa imetuniwa, weka kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya kwanza, yaani kijiti cha kwanza cha chuma kinachokatiza shingo, bonyeza uzi mnene pale shingo inapokutana na tumbo, kisha angalia nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Milimita 0.2 hadi 0.3 ni sawa kwa gita nyingi. Ikizidi, kaza kwa kuzungusha kulia. Ikikosekana kabisa, legeza. Zungusha thumuni ya mzunguko, isizidi robo, tuni upya, subiri hadi kesho, pima tena. Unapokaza, legeza nyuzi kidogo kwanza. Nati ikigoma, usiongeze nguvu wala bomba la kurefusha mkono.

Baada ya hapo ndipo kimo cha nyuzi hupimwa kwa rula kwenye freti ya 12: milimita 1.6 hadi 2 kwa gita ya umeme. Kwa gita kavu 2 upande wa uzi mwembamba na 2.5 upande wa uzi mnene.

Kazi hii hurudi kila majira yanapobadilika. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi hukauka, mbao hunywea, ubao wa juu huzama, nyuzi huanza kunguruma na ncha za freti hukwaruza kiganja. Mvua zikirudi, ubao huvimba na nyuzi hupanda. Ubao uliozama hauponywi kwa kle. Weka sponji yenye unyevu ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, kikae na gita ndani ya kasha, unyevu ufike asilimia 45 hadi 55. Kisha ndipo upime shingo.

Ya mwisho: kisichokuwa na jina

Vile vya bei ya chini vinavyotandazwa masokoni viache. Chuma chake ni laini, pembe huviringika haraka, na bisibisi yake ya nyota huwa namba 2 wakati skrubu ndogo za vikazio hutaka namba 1. Kama ndicho pekee kilichopo, kitumie kwa skrubu za mkanda, si kwa shingo.

Popote utakaponunua, nenda na gita. Ingiza kle bila nguvu, itikise taratibu kushoto na kulia. Isitoe mlio wowote wa kugonga. Kle nzuri ikichakaa nchani usiitupe: kata milimita mbili tatu kwa jiwe la kunolea la umeme, ukiichovya majini mara kwa mara ili isiungue, na pembe mpya zitatokea.