Nililipa elfu 90 kwenda kunyonga baiskeli Lushoto, mlima ukaninyonga mimi

Naanza na hela maana najua ndo mnachotaka kujua kwanza. Elfu 90 kwa kichwa, ndani yake kuna baiskeli, helmeti, maji, chakula cha mchana, waongozaji wawili na pickup inayofuata nyuma. Nauli ya kutoka Dar na pa kulala ni juu yako. Jina la hao jamaa sitaji, kuna sehemu nitawasema na sitaki kelele, na pia kuna sehemu nitawasifia mpaka mtadhani wamenilipa.

Safari yenyewe ni ya siku moja. Mnaanzia Mombo pale chini barabara kuu ya kwenda Moshi, mnapanda mpaka Soni, mnaingia Lushoto mjini, mnaendelea mpaka Irente kwenye ule mwamba, halafu mnageuza mnarudi njia ileile mpaka Mombo. Mombo Lushoto ni kilomita 33, weka mara mbili, ongeza Irente kwenda na kurudi, inakuja kama 78 hivi. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo kabla sijalipa nikapiga hesabu zangu: Mombo iko mita 400 na kitu, Lushoto kama 1,400, yaani mita 1,000 kwa kilomita 33, sawa na mita 30 kila kilomita, nikasema aah mbona kawaida tu hii. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, tatizo mlima haujagawiwa sawa kwa sawa, sehemu kubwa yake imerundikwa kabla ya Soni na hakuna aliyeniambia.

Tuliambiwa saa 12 kamili asubuhi tuwe tayari. Nimelala gesti Mombo, saa 11 nimeamka, chai na chapati mbili, saa 12 kasoro niko barabarani na kibegi changu. Baiskeli zimekuja saa 1 na nusu zimepangwa juu ya pickup kama mikungu ya ndizi, mpaka kila mtu apate yake na kulegezwa siti na kukazwa siti tumeondoka saa 2 kasoro kumi. Kwa sisi watu wa Dar huko hata si kuchelewa, lakini Mombo ni tambarare, jua lake halina utani, na ukiacha tu barabara kuu mlima unaanza hapohapo, hupewi hata kilomita mbili za kupasha misuli. Yale masaa mawili tuliyokaa kwenye kivuli cha kibanda cha vitunguu ndo yalikuwa ya baridi, tumeyakalia tu. Hilo la kwanza nawalaumu, na litarudi jioni.

Tulikuwa 11. Kuna wale wanne wa nguo za kubana wametoka Arusha na baiskeli zao nyepesi unainua kwa kidole, kuna mke na mume kutoka Tanga, kuna mzee mmoja mstaafu wa makamo ya baba yangu kaja na baiskeli yake ya zamani na kofia ya kitambaa chini ya helmeti, wengine ni sisi wa kukodi. Nilimwangalia yule mzee nikasema moyoni angalau kuna mtu nitakuwa naye nyuma. Nyie. Mzee nilimwona tena Soni, ameshakunywa chai.

Sasa ngoja nieleze kuhusu baiskeli maana hapa ndo kuna kisa chote. Ni zile za milimani za gia 21, tatu mbele saba nyuma, tairi zina meno, kwa kuziangalia hazina shida. Nimeijaribu pale stendi, nimezunguka mara mbili, breki inashika, gia zinabadilika, nikasema fresh. Ile barabara baada ya Mombo inapanda kwenye korongo, upande mmoja ukuta wa mwamba upande mmoja bonde na mto unausikia chini, kona juu ya kona, na kosta na fuso zinapita zinapiga honi kila kona. Nikawa nabadilisha gia naenda kwenye nyepesi, naenda kwenye nyepesi, zikaisha. Mbele nikisukuma kile kidude cha kushoto kwenda kwenye gia ndogo kabisa kinalia krrr krrr na cheni haishuki, inabaki pale katikati. Nikajua ndo mwisho wake huo, nikajua mimi ndo mnyonge. Dakika kumi nanyonga, dakika mbili nimeshuka nasukuma kwa mkono, jasho linaingia machoni, mapaja yanawaka moto, na kuna mama amebeba mzigo wa kuni kichwani amenipita huku anaongea na simu. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu pole, akaendelea na simu yake.

Hapa sasa ndo nimsifie yule kijana wa mkiani. Wanaweka mwongozaji mmoja mbele na mmoja nyuma kabisa, na kazi ya wa nyuma ni kutomwacha mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho alikuwa mimi. Hakunihimiza hata mara moja. Hakusema jitahidi dada tumekaribia, ile kauli ambayo mtu akikuambia mlimani unatamani kumpiga pampu ya kichwa. Alikuwa anakuja pembeni taratibu, ananiambia kunywa, ananiambia usinyonge umesimama kaa chini, ananionyesha mambo. Ameniambia reli kutoka Tanga ilifika hapo Mombo mwaka 1905, na Lushoto yenyewe Mjerumani alikuwa anaiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, kwa hiyo mizigo na wakubwa walikuwa wanashuka kwenye treni kwenye joto kule chini halafu wanapandishwa huku kwenye baridi. Nikamuuliza walipandaje, akasema wenyewe kwa farasi, babu zetu kwa miguu na mzigo kichwani. Nikanyamaza nikapanda baiskeli.

Soni tumefika saa 5 kasoro, tumepumzika pale karibu na maporomoko ya maji. Yule kijana akaniambia dada hebu nione hiyo baiskeli, nimekusikia inalia njia nzima. Akaipindua miguu juu, akazungusha pedeli kwa mkono, akatoa bisibisi ndogo mfukoni, akatafuta viskrubu viwili vidogo vimekaa juu ya kile kidude kinachosukuma cheni, akalegeza kimoja nusu mzunguko. Nusu mzunguko tu. Akabadilisha gia, cheni ikateremka tak, ikakaa kwenye gia ndogo kama haijawahi kugoma maishani mwake. Akanirudishia, akasema pole, ilikuwa imefungwa isishuke.

Yaani nimepanda nusu yenye mlima wote kwa gia isiyo yake na dawa ilikuwa nusu mzunguko wa bisibisi. Sikujua nicheke au nilie, nikanunua karoti. Pale barabarani wanauza karoti zimefungwa mafungu na majani yake, zimeoshwa, mbichi, tamu kama tunda, nilikula fungu zima nimekaa kwenye jiwe, na nasema kabisa hakuna kile kijipakiti cha nguvu cha wale wa nguo za kubana kinachofikia karoti ya Soni.

Soni kwenda Lushoto ni safari nyingine kabisa. Hewa imebadilika, kuna ubaridi, barabara inapanda na kushuka kidogo kidogo, mashamba ya kabichi na maharage yamepangwa kwenye matuta mpaka juu huko unajiuliza huyu mtu analima amesimamaje, migomba, mikaratusi, nyumba za matofali mekundu. Na gia yangu mpya sasa ninanyonga naimba. Watoto wanakimbia pembeni wanapiga kelele wazungu haooo, mmoja akanitazama vizuri akasahihisha, huyu mzungu mweusi. Tuliiacha barabara ya kwenda Vuga upande, nilitamani tupite maana ndo makao ya zamani ya akina Kimweri, watawala wa Usambara, ila haimo kwenye ratiba na kwa muda tuliokuwa nao hata isingewezekana.

Chakula Lushoto mjini, wali maharage mboga za majani na parachichi nusu. Kitamu, kichache. Mtu aliyepanda mita 1,000 humpimii wali kwa kikombe, nimeongeza sahani ya pili kwa hela yangu na hata yule mzee ameongeza.

Irente ni vumbi na mashimo, mlima mfupi ila mkali mahali mahali, na hapo wawili wetu walishapanda pickup, hakuna aliyewacheka, hilo nalo niliwapenda hawa jamaa, pickup ipo na ukiingia hakuna hotuba. Pale juu sasa. Unatembea hatua chache kwenye mwamba halafu ardhi inaisha. Sio inateremka, inaisha. Chini kabisa kuna Mazinde, mashamba ya mkonge yamekatwa miraba, barabara kuu imekuwa uzi, na nyika inaenda mpaka macho yanachoka. Nikaona basi linapita limekuwa kama punje ya mchele. Pembezoni mwa uzi huohuo ndo nilikuwa nimekaa asubuhi kwenye kivuli cha vitunguu nasubiri baiskeli, na sasa upepo wa huku unanipiga nimevaa jaketi. Nilikaa pale nusu saa sikupiga picha nyingi. Njiani kurudi tumepita shamba la Irente, wanatengeneza jibini na jemu na mkate wao wenyewe, nimebeba jibini moja kwenye kibegi na limefika Dar salama, wifi yangu amelimaliza.

Kushuka sasa. Kila mtu anadhani kazi ni kupanda. Kilomita 33 za kushuka ukiwa umeshika breki, vidole vinakufa ganzi, mabega yanakaza, na kama wewe ni mwoga kama mimi unazishika muda wote bila kuachia. Mwongozaji wa mbele alituambia kabla, minya achia, minya achia, zote mbili mbele na nyuma, punguza kabla ya kona usisubiri uko ndani ya kona. Nilimsikia, sikufanya. Chini kidogo ya Soni nikaanza kunusa raba inaungua, halafu sauti ikabadilika kutoka ile swiii ya kawaida ikawa kwaruu, chuma kwa chuma. Nikasimama kwa miguu. Kijana wa mkiani huyo, akachomoa raba za breki za nyuma akanionyesha, zilikuwa zimebaki unene wa ganda la sabuni, na akasema kwa haki yake kwamba sio mimi peke yangu niliyezila, zilitoka Mombo zikiwa zimeisha. Alikuwa na nyingine kwenye mkoba, akatoa alenki, ile spana ya kijiti ya pembe sita, dakika kumi amebadilisha pande zote mbili. Wakati anakaza, kuna kijana wa pale akapita anashuka na baiskeli ya Phoenix ya zamani, magunia mawili nyuma kwenye kerea, breki yake ni kandambili ya mguu wa kulia ameibana kwenye tairi. Akapunga mkono.

Lakini zile dakika kumi, na yale masaa ya asubuhi, jua likaanza kuzama tukiwa bado kwenye korongo. Hakuna baiskeli ya kukodi iliyokuwa na taa. Kwenye kona zile, na fuso zinapanda, hapana. Kijana akaamua sisi watatu wa mwisho tuingie pickup, nami nikaingia, kilomita kama sita hivi za mwisho nimezimalizia nimekaa juu ya tairi la akiba. Aliamua vizuri na ninamshukuru. Ila tungetoka saa 12 kama walivyoahidi, ningefika Mombo kwa magurudumu yangu, na hilo linaniuma mpaka leo naandika.

Kwa hiyo mkiniuliza elfu 90 ni halali, ni halali, kwa ajili ya ile njia na kwa ajili ya yule kijana. Baiskeli zao ndo hapana, mpaka wazikague mlimani sio stendi. Ukienda, pale Mombo kabla hamjaondoka panda nayo mita mia za mwanzo za mlima, ingiza gia ndogo mbele na kubwa nyuma uone cheni inashuka, kama haishuki usiondoke. Inama uangalie raba za breki, kama mifereji yake haionekani tena omba zibadilishwe hapohapo. Beba taa yako, beba glavu, na kama una baiskeli yako ya gia pakia kwenye basi, hata ukilipia mzigo.

Nimeshawatumia meseji kuulizia ya mwezi wa pili. Nikawaambia nakuja na raba zangu za breki na bisibisi yangu, nikauliza tunaondoka saa ngapi. Nimejibiwa, saa 12 kamili dada.